Fomu Ikiuliza "Kazi", Mume wa Nyumbani Aandikweje?

Juzi dada mmoja wa Lindi kaniandikia. Yeye anafundisha, mumewe ndiye anayebaki na watoto. Kwenye fomu ya shule, penye "kazi ya baba", ajaze nini? Nilicheka, halafu kicheko kikakata.

Bomba la gesi lilipokamilika 2015, mkataba wangu hapa Mtwara nao uliisha. Mke wangu ni muuguzi, zamu za usiku haziishi. Tukakubaliana yeye alete mshahara, mimi nishike nyumba. Miaka miwili ya mwanzo siisimulii, ni nepi na masufuria tu.

Siku moja shemeji kaingia bila hodi, akanikuta nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, unga wa muhogo pembeni, maji yanachemka. "Shemeji, kumbe dada ndiye aliyeoa!" Tangu hapo jina langu likawa golikipa, yaani mkaa nyumbani anayelishwa. Akalirudia harusini, kipaza sauti mkononi, ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na ada yake ya chuo niliilipa mimi, enzi za bomba.

Kiswahili chenyewe hakina ubaguzi. Ukisema "anapika", nani anajua ni mume au mke? Ni sisi tuliobandika "mama" mbele ya "wa nyumbani". Nilijaribu "baba wa nyumbani", wakadhani nimestaafu. "Msimamizi wa nyumba", jirani akaniuliza chumba cha kupanga ni shilingi ngapi. Nimetulia kwenye "mtunza kaya". Karani wa sensa ya 2022 aliuliza mkuu wa kaya, hakuuliza mama wala baba. Basi kaya ikiwa na mkuu, iwe na mtunzaji pia.

Kwa hiyo dada, andika "mtunza kaya". Usithubutu kuandika "hana kazi"! Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Aliyedai pale alikuwa mke, sawa, lakini kufua ni kufua. Tuache kudharau mikono inayotulisha, jamani.

Na mbele ya ndugu zako, neno hilo ulitamke wewe kwanza, tena kwa sauti. Siku ya ile harusi, mke wangu aliinamia sahani yake.