Lala Nayo Uani Kwanza

Juma lililopita nimerudi kutoka Watamu na karavani yangu, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari. Siku nne, usiku tatu, na hakuna kilichovuja, kilichozima wala kilichopasuka. Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara mbili kwa kuogopa kijicho, lakini acha ibaki. Nimeitolea jasho.

Nilipofika nyumbani nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja wa Likoni. Ameona karavani inauzwa Diani, bei ya kuokota, na anauliza akiinunua aanzie wapi. Ningeweza kumjibu kwa maneno mawili. Shida ni kwamba mimi pia nilipouliza nilijibiwa kwa maneno mawili, "iko sawa," na nikayalipia shilingi elfu tatu.

Aliyenijibu hivyo ni fundi wa magari niliyemchukua twende naye Mtwapa, kwa mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Karavani ya mwaka 1998, vitanda vinne, jiko, friji, choo na mapazia ya maua. Fundi akaizunguka mara moja, akaipiga tairi teke, akasema iko sawa. Kwa hamu niliyokuwa nayo, hata angeniambia inaruka ningemwamini. Nyinyi mnaosoma hapa hamu hiyo mnaijua: kuamka porini pasipo hoteli, chai inachemka mlangoni pako mwenyewe, watoto wako nje wanahesabu ndovu. Nikatoa laki nne na nusu, na siku kumi baadaye nikafunga safari ya Voi na familia nzima. Sikuwahi kulala ndani yake hata usiku mmoja. Hata bomba sikulifungua nikaona kama linatoa maji.

Ilikuwa mwanzo wa Novemba 2023. Nchi nzima ilikuwa ikizungumza El Niño, mimi nikijiambia wingu si mvua. Ndani ya Prado tulikuwa mimi, mke wangu, watoto watatu na mamangu, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sabini na minne. Nyuma yetu alikuja shemeji yangu na gari lake, na simu mkononi, akirekodi tangu Bombolulu. Simu hiyo mtaisikia tena.

Mpaka Mariakani nilikuwa mfalme. Baada ya hapo malori yakaanza kutupita, na kila lori likipita upepo wake hukusukuma kwanza halafu hukuvuta. Karibu na Taru karavani ikaanza kutikisa mkia. Mara ya kwanza kidogo, mara ya pili gari zima likayumba nayo. Nikakanyaga breki kwa nguvu, na hapo ndipo nilipokaribia kutuua sote. Karavani ikiyumba usikanyage breki kwa pupa wala usijaribu kushindana nayo kwa usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani umenyooka, acha mwendo ufe wenyewe.

Sababu niliijua baadaye. Nilikuwa nimepakia kama tunavyopakia pikapu: mitungi minne ya maji ya lita ishirini na gunia la makaa, vyote nyuma kabisa. Uzito ukikaa nyuma ya magurudumu, pua ya mbele, yaani mkono wa kuungia gari, inainuka na karavani inakosa wa kuishika. Inatakiwa pua iegemee gari kwa asilimia 5 hadi 7 ya uzito wote. Yangu ikijaa ina kilo 1,100, kwa hiyo ni kilo 55 hadi 77, bora isipite kiwango ambacho gari lako limeruhusiwa. Kupima hakuhitaji mtambo. Chukua mizani ya kupimia watu, simamisha juu yake kipande cha mbao, na kichwa cha kuungia kikalie mbao hiyo karavani ikiwa imenyooka sawa. Nilipokuja kuipima na mzigo ule ule, ilikuwa kilo 21. Mtoto wa darasa la kwanza.

Tulipofika Maungu tairi la kushoto likapasuka. Lile lile lililopigwa teke! Kwa macho lilikuwa zima, kashata zake za kukamatia barabara hazijalika, na ndio uongo wa matairi ya karavani: hayaliki, yanazeeka. Hukaa mahali pamoja miaka na miaka jua likiyakausha. Ubavuni mwa kila tairi, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, pana tarakimu nne. Langu liliandikwa 2411, yaani wiki ya 24 ya mwaka 2011. Tairi la miaka kumi na miwili. Sasa likipita sita naliondoa hata kama linang'aa, na nikisimama njiani nagusa vikombe vya katikati ya magurudumu kwa mgongo wa mkono. Kimoja kikiwa moto kuliko mwenzake, beringi inalia grisi au breki inashika.

Jioni tukafika kambi, nje kidogo ya Voi. Samaki wote waliokuwa frijini, changu wa elfu mbili, walikuwa wameanza kunuka. Sitawachosha na habari ya friji hizi, ila jueni kwamba hazina kompresa kama ya nyumbani. Zinapoza kwa joto, liwe la gesi, la umeme wa nyumba au la betri, na zisipokaa sawa hazipozi. Nilikuwa nimeiegesha kwenye mteremko. Tena ule umeme wa betri ni wa njiani tu, injini ikinguruma. Ukizima gari, hamia gesi. Na ukitaka ipoze kwenye joto hili letu, iwashe usiku wa kuamkia safari, uitie vitu vilivyokwisha kuwa baridi.

Kisha mvua ikaja.

Mamangu nilimpa kitanda cha mbele, chini ya dirisha kubwa, kwa heshima. Saa nane za usiku nikasikia ananiita, si kwa hofu, kwa sauti ile aliyokuwa akiniitia nilipovunja kikombe. Maji yalikuwa yakitiririka kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye mto wake wa kulalia. Godoro limelowa, leso zake zimelowa, na yeye ameketi kitako amejifunika mfuko wa nailoni. Akaniangalia, akasema: "Babako amekalafati majahazi ya watu miaka thelathini, hakuna hata moja lililozama. Leo mwanawe ananinyeshea mimi ndani ya nyumba."

Mchuma janga hula na wa kwao. Methali hiyo niliijua tangu chuoni, lakini usiku ule niliiona imekaa kitandani.

Na shemeji, aliyelala ndani ya gari lake mkavu kama kashata ya nazi, akaja na simu. Asubuhi video ilikuwa kwenye kundi la ukoo. Mpaka leo nikiingia harusini kuna mtu ataniita Nahodha. Mwezi uliopita, mtaani Kuze, mtoto wa miaka tisa amenisalimia hivyo. Nacheka, lakini si kicheko.

Maneno ya mamangu ndiyo yaliyonifundisha kazi. Babangu, Mungu amrehemu, fundi wa kuziba nyufa za majahazi, alikuwa akisema kalafati mbaya ni yule anayepigilia pamba mpya juu ya pamba iliyooza. Lazima uchokoe ya zamani yote mpaka uone ubao, ndipo utie mpya. Karavani ni hivyo hivyo. Zile reli za alumini pembeni na mipaka ya madirisha zimekalia gundi laini, na gundi hiyo ikipigwa na miaka inakauka na kupasuka. Fundi wa pili niliyempelekea (huyu alichukua elfu kumi na nane) alipaka silikoni juu yake, ikapendeza kama keki, na mvua ya kwanza ikapita nyuma yake kama kawaida. Nikaifumua mwenyewe. Nilitoa reli, nikakwangua mpaka bati likawa safi, nikaweka utepe mweusi wa mpira unaonata, nikarudisha reli kwa skrubu za stenlesi, maana skrubu za chuma huku kwetu upepo wa bahari huzila kama mchwa. Kazi ya miezi mitatu ya Jumapili.

Kabla ya kufumua, tafuta mahali penyewe. Maji ni mwongo, huingia huku yakatokea kule. Mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje na mpira wa maji, aanze kumwagia chini akipanda juu polepole, dakika kadhaa kila mahali. Ukianzia juu hutajua kitu, kila mahali patalowa. Mke wangu alikaa ndani Jumapili mbili. Sijui wangapi wenu mna wake wa namna hiyo.

Hapo ndipo ninapowaambia vijana: mnanunua vitu kwa picha. Mnaona mtu amepiga picha na machweo, mnataka machweo, hamtaki kujua bomba la maji linapita wapi. Kitu ambacho hujawahi kukifungua si chako, ni cha fundi, na fundi anajua. Ukiinunua, iegeshe uani kwako, au kwa jirani mwenye ua, ulale ndani yake usiku tatu. Pika humo, oga humo, nenda choo humo. Majirani watacheka. Wacheke hapo karibu, si Voi.

Mimi baada ya aibu ile nililala uani usiku saba, peke yangu, na kila usiku ulinionyesha kitu. Wa kwanza betri ilikufa saa nne. Ilikuwa betri ya gari, iliyotengenezwa kuwasha injini kwa nguvu nyingi za mara moja, si kutoa kidogo kidogo usiku kucha. Nunua ile ya kutolewa taratibu, na uwe na mita: ikipumzika ikisoma volti 12.7 imejaa, ikifika 12.2 iko nusu, ichaji hapo hapo, usiingoje izime. Usiku wa pili pampu ilinguruma bila kutoa maji, nikadhani imekufa. Ilikuwa imemeza hewa. Niliitikisa ndani ya maji, ikatapika mapovu, ikafanya kazi. Tanki nalijaza maji matamu tu. Ya kisima chetu Kisauni yana chumvi, yaliziba mifereji yote miwili.

Taa za nyuma zilinisumbua zaidi ya yote. Nikikanyaga breki, indiketa ndiyo iliyowaka, hafifu. Nilibadilisha balbu nne bure. Taa zikianza kuchanganya kazi hivyo, kwanza tazama waya wa kurudishia umeme, ule mweupe kwenye plagi ya meno saba. Jino lake lilikuwa limeota kutu ya kijani. Msasa kidogo, vaselini kidogo, kwisha. Shilingi ngapi? Hata hamsini haikufika.

Lakini la gesi sikulijua kwa kulala uani, na nikilikumbuka natetemeka. Sakafuni, chini ya jiko na kando ya friji, kuna matundu. Mimi kwa akili yangu niliona ni njia ya mbu na sisimizi, nikayaziba kwa matambara. Fundi mmoja wa gesi, kijana mdogo tu, alipoyaona alinyamaza kwanza. Halafu akaniuliza: "Mzee, gesi ya mtungi ikivuja inakwenda juu au chini?" Inakwenda chini, ni nzito kuliko hewa. Matundu yale ndiyo mlango wake wa kutokea. Nilikuwa nimewalaza watoto wangu ndani ya chupa iliyozibwa. Ukitaka kuzuia wadudu weka wavu wa chuma. Viungo vya gesi vipake povu la sabuni uone kama litafura, na kiberiti kiache mbali. Kijana yule hakutaka hata pesa. Nilimpa kwa nguvu.

Sasa ndugu yangu wa Likoni. Kwanza uliza imetengenezwa wapi. Ya Uingereza mlango wake uko kushoto, unashukia pembeni mwa barabara, na umeme wake ni kama wetu. Ya Marekani vifaa vyake vingi ni vya volti 120, ukivichomeka moja kwa moja kwenye 240 yetu utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kisha ingia ndani, funga mlango na madirisha, unuse. Harufu ya leso iliyokunjwa mbichi ni maji ndani ya kuta. Bonyeza kwa kidole gumba kila pembe, chini ya kila dirisha, na ndani ya makabati ambako muuzaji hataki ufike. Pakibonyea, punguza bei nusu au urudi kwako. Ukikubaliana naye, mpaka Likoni huvuki maji, lakini siku ukiileta upande wetu wa Kisauni pita barabara ya Dongo Kundu. Kwenye kivuko cha Likoni maji yakiwa yamekupwa mteremko unakuwa mkali, na nyuma ya karavani itasugua chuma.

Na usilipe mpaka Jumamosi. Nitavuka kwa miguu asubuhi nije tukaiangalie pamoja, na mamangu amesema anakuja pia. Watamu alilala kitanda kile kile cha mbele, na mwavuli kando yake usiku wote tatu. Hakuufungua, lakini kuurudisha nyumbani amekataa, na Diani anasema atakwenda nao. Kuta atabonyeza yeye.