Bendi ya roki shuleni: ijenge iendelee kupiga hata ukihamishwa

Bendi inayomtegemea mwalimu mmoja hufa barua yake ya uhamisho ikifika. Gitaa linaondoka na mwenyewe, spika zinarudi stoo, na muhula haujaisha hakuna tena anayejua kutyuni, yaani kupatanisha sauti za nyuzi. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kuacha kitu aanze kujiondoa mapema, angali yupo.

Anza na leja. Kila chombo, hata waya, kiingizwe kwenye leja ya shule na kipakwe namba kwa rangi. Msaada wa wazazi au wahitimu upokelewe kwa jina la shule. Kazi hii inachosha, lakini gitaa lisilo kwenye leja halina mwenyewe.

Seti ya kuanzia inatosha kuwa na magitaa mawili ya umeme, la solo na la ridhimu, besi moja, dramu, maikrofoni mbili, miksa ndogo na spika zake, ampli (kikuza sauti) ya gitaa ya wati 20 na ampli ya besi ya wati 60 au zaidi. Balaa la kawaida ni besi kuchomekwa kwenye ampli ndogo ya gitaa: sauti nzito husukuma koni ya spika kupita uwezo wake, ikachanika au koili ikaungua. Kinyume chake hakina madhara. Hela ikibana, nunua ya besi kwanza, gitaa lipitie humo.

Waya hukatikia shingoni mwa jeki (plagi ya mwisho wake), kwa sababu wanafunzi huuvuta wakiwa wanacheza. Wafundishe kuupitisha nyuma ya mkanda wa gitaa kabla ya kuchomeka. Ukikatika, kata sentimita tatu, lehemu upya: uzi wa katikati kwenye ncha ya jeki, wavu wa nje kwenye mwili wake. Mwalimu wa fizikia akishirikishwa hapa, bendi imepata mlezi wa pili. Waya wa gitaa usiunganishe ampli na spika hata kama jeki zinalingana. Ni mwembamba, hupata moto na unaweza kuua ampli.

Umeme ukikatika, zima ampli zote papo hapo, maana mara nyingi hurudi kwa kishindo. Kwa jenereta, liache litulie kwanza, ampli ziwashwe mwisho na zizimwe mwanzo. Mwimbaji akipigwa shoti mdomoni na maikrofoni, simamisha mazoezi: ardhi ya jengo au ya soketi ina kasoro, na hiyo ni kazi ya fundi umeme. Usikubali mtu akate waya wa ardhi ili kuondoa mvumo.

Halafu kuna baridi yetu ya Nyanda za Juu Kusini. Juni na Julai, kuanzia Mafinga hadi Makete, gitaa lililolala stoo likiingizwa kwenye ukumbi wenye watu wengi hubadilika sauti lenyewe. Liache dakika 20 ndipo ulityuni. Nyuzi zikikwama na kuruka sauti, sugua ncha ya penseli kwenye vijinjia vya juu zinamopita. Masika Tukuyu tatizo ni unyevu: futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, vyombo visiegemezwe ukutani. Uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko zote, ndio hukatika zaidi, hivyo nunua wa akiba mmojammoja, si seti nzima.

Muziki wenyewe uanzie kwenye kwaya, kwa kuwa wengi tayari wanajua do re mi. Kodi (sauti zinazopigwa kwa pamoja) ya roki ni do na so tu, bila mi, kwani mi ikipita kwenye sauti ya kukwaruza hugeuka uji. Piga uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, ukiwa wazi, pamoja na wa tano uliobanwa kwenye freti ya 2 (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa). Umbo hilohilo lihamie freti ya 5 na 7, kisha 7 na 9: hizo ni kodi ya kwanza, ya nne na ya tano. Dramu, kwa mzunguko wa mapigo manne: dramu ya mguu kwenye pigo la 1 na la 3, sneya (dramu ndogo ya mkono) kwenye la 2 na la 4, haihati (visahani viwili vinavyofungwa kwa mguu) mara nane kwa mzunguko. Anzeni mapigo 80 kwa dakika, kwa metronomu (kipiga mapigo) ya simu ya mwalimu (ya mwanafunzi itaishia kwa mwalimu wa nidhamu). Atakayesema roki ni ya Wazungu, mkumbushe Zambia ya miaka ya 1970, hapo tu ng'ambo ya Tunduma, na bendi kama WITCH ya Emmanuel "Jagari" Chanda.

Sasa urithi. Kila chombo kiwe na watu wawili, mmoja wa Kidato cha Tatu, mwingine wa Kwanza au wa Pili. Kidato cha Nne waachie mwisho wa Juni, mtihani wao wa taifa ni Novemba. Hakuna anayeaga kabla mrithi wake hajatyuni, hajabadilisha uzi na hajapiga nyimbo tatu mbele ya bendi. Kaunta buku ya bendi iandikwe kodi kwa namba (1, 4, 5), si kwa herufi (E, A, B), ili mwimbaji mpya mwenye sauti ya chini asiwapoteze.

Kila mwezi, mwalimu asiende kwenye zoezi moja, bila kutoa taarifa. Bendi isipoanza ndani ya robo saa, ulizia ilikwama wapi: ufunguo wa stoo, waya au mtu. Hicho ndicho cha kushughulikia wiki inayofuata.