Kabla ya kuamini kiashiria katika Soko la Hisa la Uganda

Wanaoanza kununua hisa hapa Kampala huuliza kwanza ni kiashiria gani kinachoonyesha kwamba bei inakaribia kugeuka. Mimi huwaomba waanze na safu ya idadi ya hisa zilizouzwa, iliyo katika orodha ya bei za siku. Viashiria vingi tunavyovitumia, yaani hesabu zinazotokana na bei za nyuma, vilibuniwa kwa ajili ya masoko ambamo hisa huuzwa na kununuliwa mfululizo kutwa nzima, ilhali katika soko letu baadhi ya kampuni hupitisha siku bila hisa hata moja kuuzwa, na bei inayoandikwa jioni huwa ile ile ya jana.

Chukueni RSI (Relative Strength Index), kiashiria chenye namba kati ya 0 na 100, ambacho mchambuzi wa masoko J. Welles Wilder alikitoa mwaka 1978. Hupima nguvu ya siku za kupanda dhidi ya siku za kushuka, kwa kawaida katika siku 14. Ikivuka 70, husemwa kwamba hisa imenunuliwa kupita kiasi, na ikiteremka chini ya 30, kwamba imeuzwa kupita kiasi. Sasa tuseme hisa imekaa kwenye shilingi 20 kwa wiki tatu, kisha mtu mmoja akanunua hisa chache kwa shilingi 21. Kwa kuwa katika kipindi hicho hakuna siku hata moja ya kushuka, hesabu inayotumia wastani wa kawaida itatoa 100, yaani kilele kabisa, ingawa hakuna lolote lililogeuka. Anayeanza akiuza kwa hofu ya namba hiyo, atakuwa ameongozwa na mnunuzi mmoja tu.

Wastani wa bei wa siku 200 hautikiswi kirahisi namna hiyo, lakini huthibitisha mgeuko baada ya mgeuko wenyewe kupita. Nauona unafaa zaidi kwa kumzuia mtu asinunue hisa ambayo bado inaporomoka.

Fahirisi, yaani namba moja inayoonyesha mwenendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja, nayo isomwe kwa uangalifu. Fahirisi ya hisa zote inajumuisha kampuni za Kenya zilizoorodheshwa pia Nairobi, zikiwemo benki za Equity na KCB, kwa hiyo inaweza kugeuka kwa sababu ya habari za Nairobi huku Stanbic Uganda na MTN Uganda zikiwa zimetulia. Anayetaka kujua hali ya kampuni zetu aitazame fahirisi ya kampuni za ndani.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wanahisa wake. Hisa inapoanza kuuzwa bila haki ya gawio lililotangazwa, ni kawaida bei yake kushuka kwa kiasi kinachokaribia gawio hilo, na kwenye chati mshuko huo hufanana kabisa na mwanzo wa anguko. Mwenye hisa hakupoteza kitu, kwa sababu fedha hizo atalipwa. Basi muulizeni dalali wenu tarehe ya kufungwa kwa daftari la wanahisa, ambayo huamua nani atalipwa gawio, muiandike kwenye chati, na siku zinazoizunguka msiuze kwa sababu ya kiashiria peke yake.