Mafuriko ya Rufiji: ni mvua au ni bwawa?

SWALI: Wazazi wangu wanalima mpunga na mahindi bondeni, wilayani Rufiji. Masika ya 2024 shamba lote lilizama, na majirani wakasema ni bwawa la umeme lililotumwagia maji. Wengine wanasema mafuriko yapo tangu zamani, ila wazee wetu ni wakaidi, hawataki kuhama. Nani mkweli? (Msomaji, Ikwiriri, Pwani)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwako na kwa wazazi. Tuanze na mvua, kwa sababu msimu ule haukuwa wa Rufiji peke yake. El Niño ilikuwa imekwisha kuzidisha vuli, masika yakaikuta ardhi imelowa, na tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki nchini, 236 wamejeruhiwa na kaya zaidi ya 51,000 zimeathirika. Nanyi mpo mwishoni mwa mto unaokusanya maji ya takriban moja ya tano ya Tanzania Bara, mengi yakiletwa na tawi lake, mto Kilombero, kiasi kwamba mvua ya Morogoro huweza kuwafurikia hata siku ambayo Ikwiriri kuna jua kali.

Ama bwawa hilo la umeme, la Julius Nyerere, lililoko juu yenu kwenye mto huo huo, lilianza kujazwa Desemba 2022. Bwawa hupunguza mafuriko pale tu linapokuwa na nafasi tupu. Likikaribia kujaa wakati mvua bado inanyesha, maji yanayoingia hayana budi kuachiwa. Hapo ndipo penye mvutano, kwa kuwa mzalishaji wa umeme hutaka bwawa lijae, ilhali mkulima wa chini angependa libakizwe nafasi kabla ya masika. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba bwawa limezusha mafuriko yasiyokuwapo, maana Rufiji ilifurika vibaya mwaka 1974 na tena mwaka 2020. Lakini kuuliza milango ilifunguliwa lini, kwa kiasi gani, na taarifa ilimfikia nani kijijini, ni swali halali, na kwa maoni yangu kutaja El Niño si jibu lake.

Kuhusu wazee, hapo siwaungi mkono wanaowaita wakaidi. Serikali iliwahamishia watu wa bondeni kwenye miinuko tangu mwaka 1968 na 1969, na wengi waliendelea kurudi kulima, wakilala kwenye madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, msimu mzima ili kulinda mazao, kwa sababu rutuba iko huko. Mpunga hupandwa kwa mvua, kisha hutegemea maji ya mto yanayopanda. Yakipungua, udongo uliobaki na unyevu hupandwa mahindi na maboga, kilimo ambacho Warufiji hukiita mlau. Mafuriko ya kiasi, yakija mpunga ukiwa umekwisha kurefuka, ni neema. Yakija mapema au yakikaa juu kwa wiki nyingi, huua mpunga na kuchelewesha mlau pia, na familia hupoteza mavuno mawili kwa mpigo. Hasara hiyo ni vigumu kuiona katika hesabu za nyumba zilizobomoka, ingawa ndiyo inayoamua kama ada italipwa na kama mbegu ya mwakani itanunuliwa kwa fedha au kwa mkopo.

Kwa sasa, wazazi wako wasiache mlau: maji yakishuka, wapande mara moja mahindi ya muda mfupi, kabla unyevu haujakauka, na mbegu ya mpunga waihifadhi kijijini juu, si dunguni. Kwenye mkutano wa kijiji ombeni jambo moja mahususi: kila milango ya bwawa inapotarajiwa kufunguliwa, mtendaji wa kijiji apate taarifa yenye tarehe na kiasi cha maji, siku kadhaa kabla, ili walioko mashambani wapate muda wa kuvuna kilichokomaa na kuvuka na watoto.