Maswali na majibu: mlima uliofifia, nyuso za ofisini na bahari iliyokimbia

Maswali mengi ya safari hii yanahusu mambo mawili: picha za mandhari na picha za watu kazini mwao. Nimeyaweka pamoja kwa sababu chanzo cha matatizo mengi ni kimoja. Tunajifunza kupiga picha kutoka vitabu na video za Ulaya na Marekani, ambako jua la kiangazi huzama kwa kulala ubavu na mwanga wa jioni hukawia. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Ule mwanga laini wa rangi ya dhahabu hudumu chini ya nusu saa, na baada ya hapo jua linakuwa kali. Ukifuata ratiba ya mtu wa London utachelewa kila siku.

Shikamoo. Naishi Moshi na mlima nauona kila siku, lakini nikiupiga picha unatoka mdogo, umefifia, na theluji haitofautiani na mawingu. Nakosea wapi? (Msomaji, Moshi)

Marahaba. Tuanze na saa. Jua likishapasha joto miteremko, unyevu wa ukanda wa msitu hupanda na kugeuka mawingu, na kufikia saa tatu au saa nne asubuhi mara nyingi Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imeshafunikwa. Kwa hiyo uwe umesimama mahali pako saa kumi na moja na nusu alfajiri, kamera ikiwa tayari. Kilele kina urefu wa mita 5,895, kwa hiyo hupata jua dakika kadhaa kabla ya mji. Theluji huwaka rangi ya waridi huku migomba na mapaa ya nyumba yakiwa bado kivulini. Picha nzuri nyingi za Kibo hupatikana hapo. Ukikosa asubuhi, jaribu jioni jua linapokaribia kuzama, maana mawingu wakati mwingine hufunguka tena.

Kufifia kunatokana na hewa. Wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa kuchoma mashamba hukaa kati yako na mlima, na hakuna lenzi itakayoviondoa. Mvua huviondoa. Ikinyesha usiku kukakucha kweupe, ahirisha mengine yote utoke.

Udogo nao unatokana na lenzi pana, hasa ile ya kawaida ya simu, ambayo husukuma mlima nyuma. Tumia lenzi ya kuvuta, ya milimita 100 hadi 200, au ile ya kuvuta ya simu yako. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: rudi nyuma badala ya kusogea. Shuka kusini, upande wa mashamba ya miwa ya kiwanda cha sukari cha TPC, Arusha Chini, tafuta kitu cha kuweka mbele, mti au mstari wa miwa, kisha vuta. Mti unabaki na ukubwa wake, na mlima unainuka nyuma yake kwa ukubwa unaoujua. Hii ni kwa siku za hewa safi tu, kwa sababu kadiri unavyorudi nyuma ndivyo ukungu unavyoongezeka.

Kuhusu theluji, kamera ikiona migomba iliyo gizani hudhani picha nzima ni giza na kuongeza mwanga, kisha theluji inaungua, yaani inabaki weupe mtupu. Pima mwanga kwenye theluji yenyewe. Kwenye simu gusa kilele, kisha buruta ile alama ya jua chini mpaka uione mikunjo ya barafu. Kwenye kamera punguza mwanga kwa kitufe cha +/- na upige faili za RAW (faili ghafi zinazohifadhi taarifa zote za picha), ili baadaye uinue vivuli vya chini. Theluji iliyoungua hairudi, lakini kivuli kinainuka.

Na ninyi wa Moshi mna bahati moja kubwa. Mkitazama mlima mnaangalia kaskazini, na asubuhi jua liko kulia kwenu, karibu pembe mraba. Hiyo ndiyo pembe ambayo filta ya polaraizi (kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mng'ao) hufanya kazi vizuri kuliko zote. Izungushe taratibu ukiangalia anga: bluu inakolea na Kibo inajitenga na mawingu. Weka kamera kwenye tripodi (miguu mitatu), ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/8 (ukubwa wa tundu la lenzi), kisha tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisitikise kamera.

Kampuni iliyopo Posta imeniomba niwapige picha wafanyakazi 12 kwa ajili ya tovuti yao. Chumba ni kidogo, kuta nyeupe, taa za tyubu. Picha za majaribio zimetoka nyuso nyeusi tii, tena zina ukijani. Nina kamera, lenzi ya 50 na flashi moja ndogo. (Msomaji, Dar es Salaam)

Zima taa zote. Ukijani unatoka kwenye tyubu, na mwanga wa tyubu ukichanganyika na wa dirishani, hakuna marekebisho ya kompyuta yatakayoutoa mmoja bila kuuharibu mwingine. Wakikuambia taa haziwezi kuzimwa, piga kwa 1/50 au 1/100 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50 na tyubu hupepesa kwa kuufuata, kwa hiyo ukienda kwa kasi nyingine unaweza kupata michirizi ya giza kwenye picha.

Sasa tafuta dirisha. Mkalishe mtu kama mita moja kutoka dirishani, amegeuka nusu kulielekea, si kulipa mgongo. Kama jua linaingia moja kwa moja, tundika shuka jeupe au pazia jepesi. Upande wa pili wa uso weka karatasi kubwa ya manila nyeupe, mtu aishike karibu na bega, nje ya fremu. Sogeza manila mbele na nyuma huku ukiangalia shavu lililo kivulini: utaona mwanga ukipanda na kushuka. Mwache mtu awe mbali na ukuta mita moja na nusu hivi. Ukuta utageuka kijivu laini nyuma yake na kivuli chake hakitauangukia.

Weusi wa nyuso umesababishwa na ukuta. Kamera hutaka kila picha iwe na wastani wa kijivu. Ikiona ukuta mweupe mwingi hupunguza mwanga, na anayeumia ni mtu. Pima uso. Washa upimaji wa nukta moja (kamera ipime sehemu ndogo tu ya picha), uelekeze kwenye shavu, kisha hamia kwenye mpangilio wa mkono, unaochagua mwanga mwenyewe, ili kamera isibadilishe mawazo kila mtu anapokaa. Anza na f/4, 1/125, ISO 400 au 800. Watu 12 watakuwa na ngozi 12 tofauti: mwenye ngozi nyeusi zaidi msogeze nusu hatua karibu na dirisha, na mweupe zaidi mrudishe. Ukimaliza kila mmoja, kuza picha kwenye skrini ya kamera uangalie paji la uso kabla hujamwita mwingine.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mashine zake kwa kadi za Kodak zilizojulikana kama Shirley, zenye sura ya mwanamke Mzungu. Ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Wazee wetu walipigwa picha na filamu zilizopimwa kwa ngozi isiyo yao. Leo vifaa vimeboreka sana, lakini naona wapiga picha vijana wakimaliza kazi kwa kumpausha mteja kwenye programu, wakidhani wamemsaidia. Usifanye hivyo. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake kwa mng'ao: mstari wa mwanga kwenye mfupa wa shavu, kwenye pua, kwenye taya. Mwanga mpana unaotoka pembeni huuchora mstari huo vizuri sana. Flashi ya uso kwa uso huugeuza doa jeupe kwenye paji. Kwa hiyo flashi yako igeuze kwenye dari au ukuta mweupe wa pembeni, usiielekeze mbele hata mara moja. Dari ikiwa ya mbao au ya rangi, achana nayo, maana rangi yake itaangukia nyuso.

Beba tishu na poda. Futa jasho la paji na la juu ya mdomo, ila usifute mng'ao wote, utamfanya mtu awe kama amepakwa majivu. Mwenye ushungi mweupe mpangie mikunjo kabla ya kuanza, na uhakikishe mikunjo hiyo bado inaonekana kwenye picha.

Kuhusu mkao, mwambie asogeze paji la uso mbele kidogo na kushusha kidevu kiasi. Atajisikia vibaya, lakini taya litaonekana safi. Bosi usimpige wa kwanza. Anza na yule mcheshi wa ofisi, wengine wakiona ametoka vizuri watalegea.

Miwani ya wateja wangu inaakisi dirisha na macho hayaonekani. Niwavue? (Msomaji, Nakuru)

La, anayevaa miwani kila siku bila miwani si yeye. Inua vile vipini vya nyuma juu kidogo ya masikio ili vioo vilale kuelekea chini, ashushe kidevu, nawe umgeuze taratibu kutoka dirishani mpaka mwako uondoke. Kama unatumia taa, ipandishe juu. Miwani inayobadilika rangi juani ivuliwe dakika kadhaa kabla, ikae ndani mbali na dirisha ili vioo viwe vyeupe tena.

Nilikwenda Jambiani kupiga picha ya jua likichomoza. Siku ya kwanza bahari ilikuwa imejaa, nilipofika tena baada ya wiki imekimbia, ni mchanga na majani tu. Napangaje? (Msomaji, Unguja)

Unguja ya mashariki hupangwa kwa mwezi kabla ya jua. Waulize wavuvi wa hapo, wanaijua kalenda hii kuliko programu yoyote, ingawa jedwali la maji nalo ni la lazima. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia kama mita 4, na kwenye ufuko ulio tambarare kama ule bahari hurudi mbali mno. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi za alfajiri na za jioni, na kupwa kwenye saa nne. Kila siku huchelewa kama dakika 50. Kwa hiyo ukitaka maji yaliyojaa wakati jua linachomoza, nenda siku mbili tatu baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu.

Kuna picha nyingine ninayoipenda kuliko hiyo. Siku ya mwezi mpevu rudi jioni. Maji bado ni mengi, jua linazama nyuma yako upande wa vijiji, na mwezi unatoka baharini mbele yako. Kwa robo saa hivi mwanga wa anga na wa mwezi hukaribiana, unaweza kupata vyote kwenye picha moja bila mwezi kuwa tundu jeupe. Tumia lenzi ya 100 au zaidi, kasi isipungue 1/30 kama kuna ngalawa inayotikisika. Anga likishaingia giza, funga kazi.

Na maji yakipwa usikasirike. Saa hizo za bamvua ndipo akina mama hushuka kwenye mashamba ya mwani, na vidimbwi huakisi anga lote. Lakini pale ni kazini kwa watu. Salimia, eleza unachofanya, omba ruhusa, kisha ndipo uinue kamera. Ukirudi nyumbani osha miguu ya tripodi kwa maji baridi yasiyo na chumvi, la sivyo itaganda kabla ya mwezi mmoja kuisha.

Mteja wangu ana duka la vitambaa na nafasi yake ni saa saba mchana tu. Jua liko utosini. (Msomaji, Dar es Salaam)

Kweli liko utosini: mwanzoni mwa Machi na tena katikati ya Oktoba Dar hupata jua la wima kabisa, na macho ya mtu hugeuka mashimo. Mwingize barazani. Asimame hatua moja ndani ya ukingo wa kivuli, uso umeelekea barabarani. Sakafu ya saruji iliyo juani mbele yake itarudisha mwanga usoni kutoka chini, taratibu. Kama mbele kuna udongo mwekundu au majani, tandika shuka jeupe, vinginevyo kidevu kitakuwa chekundu au kijani. Nyuma yake vitenge vilivyotundikwa vitazama kidogo kwenye giza la duka, rangi zao zitakolea. Hapo lenzi ya 35 inafaa, uache meza na mkasi wake vionekane.

Nina simu tu. Nianze kutoza pesa? (Msomaji, Bukoba)

Anza, mradi mteja ajue na aone mifano yako. Kwa picha ya mtu simama mita mbili na utumie kuvuta kwa x2 au x3 kwa lenzi halisi (si kukuza kwa programu), maana ukimsogelea na lenzi pana pua inavimba na masikio yanapotea. Ile hali ya kufifisha nyuma iangalie kwenye nywele na pindo za ushungi, mara nyingi hukata vibaya. Na kabla ya kila kazi futa lenzi kwa kitambaa laini.

Aliyeacha kazi anataka picha niliyompiga iondolewe kwenye tangazo la kampuni. Mimi nahusika? (Msomaji, Nairobi)

Sura ya mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ya mwaka 2022. Picha ya ukurasa wa wafanyakazi si ruhusa ya bango la barabarani. Wajibu wa tangazo ni wa kampuni kwanza, lakini mjibu huyo mtu, ipelekee kampuni ombi lake kwa maandishi, na uiondoe picha hiyo kwenye kurasa zako mwenyewe. Kuanzia kazi ijayo andaa karatasi moja fupi, kwa lugha anayoielewa anayepigwa picha: picha itatumika wapi, kwa muda gani, na afanye nini akitaka iondolewe. Asaini kabla hajakaa kwenye kiti, na abaki na nakala yake.