Msitiri kwa watu, usimfiche mwenyewe

Mwanangu wa Chumbageni,

Umeniandikia habari za mwalimu wako, mtaalamu wa mimea aliyewafungulia vijana wengi njia ya riziki, ilhali yeye hana mshahara tangu mradi uliomlipa ulipofungwa miaka miwili iliyopita. Ulipokwenda Ngamiani kumjulia hali ulimkuta mkekani akibadilisha magazeti yaliyoshika unyevu, yale yanayobania sampuli za majani ya msitu wa Amani, jani moja baada ya jingine, ingawa hakuna tena ofisi inayozisubiri. Kisha binti yake akaleta chai ya rangi isiyo na sukari, mkainywa kimya. Sasa unataka kuunda kundi la WhatsApp la wanafunzi wake wa zamani ili mchange bila yeye kujua, na watu watatu umekwisha kuwaandikia wamtafutie kazi.

Kundi hilo usiliunde. Watu arobaini hawatunzi siri, na mzee anayeitwa Daktari kuanzia sokoni hadi msikitini hastahili kupigiwa mbiu ya mgambo kwamba nyumbani kwake hakuna sukari. Hata hao watatu wamenitia wasiwasi, kwa kuwa umewaeleza shida yake kabla ya kumwomba ruhusa. Kumsitiri ni kulificha jambo lake kwa watu, wala si kumficha yeye mambo yanayomhusu. Mmoja wao akimpigia simu kesho kumpa pole, utamtazama vipi?

Rudi kwake peke yako, baada ya sala ya alasiri. Mpe shikamoo yake, mwache akuoneshe majani yake mpaka achoke mwenyewe, ndipo umwambie: “Mwalimu, kazi hii inahitaji mahali pa kwenda, nami nafahamiana na watu kadhaa. Unaniruhusu nikutaje?” Baada ya hapo nyamaza, hata ukimya ukiwa mrefu. Akikataa, usimshike shati.

Akiridhia, usimsumbue kwa matangazo ya ajira za serikali, maana mengi hutaka mwombaji asizidi miaka 45, na umesema yeye ana 53. Anzia kule ambako jina lake linajulikana. Amani kumekuwa na utafiti tangu Wajerumani walipoanzisha taasisi yao mwaka 1902, na watafiti wanaoingia msitu ule hadi leo wanahitaji mtu anayeutambua mti kwa jina lake la kisayansi na la Kisambaa pia. Zipo vilevile kampuni zinazofanya tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya ujenzi mkubwa, ambazo huhitaji wataalamu wa mimea. Mwulize kama amesajiliwa NEMC, chombo cha taifa cha usimamizi wa mazingira, kwa kazi hiyo, na kama bado, msaidie kuandaa maombi. Popote utakapomtaja, omba mkataba wa mwaka, kwa sababu vibarua vya siku tatu amekwisha kuvifanya na ndivyo vinavyomchosha. Sema anachokijua, habari za chai ziishie kwangu.

Kwa upande wa jikoni, mwanafunzi kumtembelea mwalimu wake akiwa na kilo mbili za sukari na mkate ni desturi yetu, na hakuna atakayekuuliza sababu.

Wale watatu wapigie leo, uwaombe wanyamaze mpaka utakaporudi kutoka Ngamiani.

Shangazi yako