Kabla ya kuunganisha mifumo ya hospitali, kaa na kitabu namba 5

Wadogo zangu mnaopangiwa Mtwara na Lindi kwenye vitengo vya TEHAMA vya hospitali, karibuni. Mtaitwa kurekebisha printa mpaka mchoke. Ila kazi yenye uzito ni kufanya mifumo isomane: alichoandika mhudumu wa zahanati Nanyumbu, daktari wa Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Mtwara, akielewe vilevile.

Anzeni na MTUHA, mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Kaa OPD, idara ya wagonjwa wa nje, na anayejaza kitabu namba 5, yaani rejista ya wagonjwa hao, ufuatilie mstari kwa mstari. Mmoja ataandika "malaria", mwingine "mRDT chanya" (kipimo cha haraka cha malaria), wa tatu "homa, kapewa mseto" (dawa ya malaria). Ukisoma harakaharaka utasema wagonjwa wote hao wana malaria. Kumbe wa kwanza kaandika ugonjwa, wa pili majibu ya kipimo, wa tatu dawa. Ukivichanganya, ripoti ya mwezi inayoingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya, itahesabu malaria ya kukisia pamoja na iliyothibitishwa, na dawa zitaagizwa kwa hesabu hiyohiyo.

Maabara nako, Hb (kiwango cha hemoglobini kwenye damu) 11 na Hb 110 yaweza kuwa damu ileile. Moja ni gramu kwa desilita, nyingine gramu kwa lita. Namba isiyo na kipimio usiipokee. Hapo ndipo utaona faida ya LOINC kwa misimbo ya vipimo na ICD kwa magonjwa. FHIR, kiwango cha shirika la HL7 cha mifumo ya afya kubadilishana taarifa, ifuate baadaye, na uanze na sehemu ya mgonjwa na ya vipimo tu. Wanaoikimbilia kabla ya kukijua kitabu namba 5 wanasambaza makosa kwa kasi zaidi, basi.

Penye kichwa kuuma hasa ni utambulisho. Hadija wa kadi ya kliniki ni Khadija kwenye bima, na simu aliyoandikisha ni ya mumewe, ambayo wifi yake naye kaiandikisha. Kaanzia kliniki Newala, kajifungulia Ndanda. Usiunganishe mafaili kwa jina na simu pekee. Tazama namba ya NIDA kama anayo, kijiji, mwaka wa kuzaliwa. Ukibaki na shaka, yaache mawili umuulize mhudumu anayemjua. Mtu mmoja kuwa na mafaili mawili ni usumbufu. Watu wawili kwenye faili moja, mtu anaweza kuongezewa damu ya kundi lisilo lake.

Kwa mazoezi, DHIS2 ina tovuti ya majaribio ya bure yenye data za mfano za Sierra Leone. Za wagonjwa wako usizibebe kwenye flashi kwenda kujifunzia nyumbani, hata ukifuta majina. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, na kwenye kijiji kidogo cha Liwale, ukitaja umri, ugonjwa na mwezi aliojifungua, kila mtu anajua ni nani.